Filamu za Kuamia Ndege

Filamu ya kwanza ambayo Bibi Febronia aliitolea hukumu hakuiona, aliisikia tu. Alikuwa anapita nyuma ya banda la video la mjukuu wake Leodegar, pale jirani na soko la Ifakara, na ungo wa perege kichwani. Mguu ukamuuma, akatua ungo na kuegemea ukuta wa mabanzi. Ndani bunduki zililia tangu alipoegemea hadi nzi walipowazoea wale samaki. Watu walipotoka, akamshika mkono wa kwanza wao.

"Wamekufa wangapi?"

"Wengi, Bibi, hawana idadi."

"Na huyo aliyekuwa anawaua, risasi aliweka saa ngapi? Maana nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho, sijasikia akinyamaza."

Yule kijana akacheka mpaka akakaa chini. Kufika jioni soko zima lilikuwa linaulizana komando aliweka risasi saa ngapi. Leodegar alipopata habari akaona ajihami mapema: akamwekea bibi yake kigoda mlangoni, bure kabisa, akidhani akiziona filamu kwa macho yake atazisifu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa soko la samaki aliyeingia bandani kabla hajauliza, "Bibi, ya leo ikoje?" Na jibu halikuwa refu. Ya Wachina wanaoruka juu ya paa: "Wamepigana tangu asubuhi na hakuna aliyevimba. Mimi nikijigonga kidole kwenye jembe navimba wiki." Ya wapenzi wa Kizungu: "Wamependana, wamegombana, wamerudiana, na mjomba wa binti hajaulizwa hata mara moja. Wangemuuliza, tungemaliza mapema tukapike." Ikaja ya mamba mkubwa wa Amerika anayemeza watu na mitumbwi yao. Watu wa Ifakara waliingoja kwa hamu, maana mambo ya mamba wanayajua. Febronia alitoka akitikisa kichwa. "Mamba gani ananguruma? Mamba wangekuwa wananguruma, mimi leo ningekuwa na mashangazi zangu wote."

Mtu mwingine angefukuzwa pale mlangoni zamani. Lakini kwa desturi mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na Febronia alimwita Leodegar "mume wangu" mbele ya mkewe wa kanisani, naye mke yule alicheka tu akamwita "mke mwenzangu". Basi mume atamfukuzaje mkewe kwa sababu ya mdomo? Mdomo ndio mahari yenyewe.

Filamu moja tu ilimshinda kuisema. Ilikuwa ya Kihindi, na watu wa soko waliipa jina lao, Mama wa Kisimani. Mtoto anapotea siku ya mafuriko. Mama yake kila siku anakwenda kisimani na mtungi wa shaba, kwa sababu huko ndiko alikomwona mara ya mwisho. Nywele zinaota mvi, kisima kinajengewa ukuta, na yeye bado anakwenda. Mwisho anakuja askari kijana, amechoka, anamwomba maji. Mama anamtilia kwenye viganja, na anapoinama anaona kovu nyuma ya sikio lake. Wala hapigi kelele. Anaendelea kumimina maji mpaka mtungi unakwisha.

Siku ile Febronia alitoka, akachukua kigoda chake kwapani, akaenda nyumbani kimya. Soko likashtuka. "Bibi anaumwa?" Kesho yake akarudi kuiona tena, na kesho kutwa, na mtu akikohoa pale kwenye viganja vya maji aligeukiwa na jicho ambalo hakulisahau.

Hayo yote lakini ni mambo ya kiangazi. Masika yakiingia Ifakara huhama. Watu hufunga nyumba, hubeba sufuria na kuku, wakaenda kuishi shamba mpaka mpunga uingie kwenye magunia. Febronia alikuwa na shamba lake upande wa Namawala, shamba aliloachiwa na mume wake wa kweli, na mwaka ule, ule uliofuata baada ya mvua za Elinino, shamba lilikuwa na kesi.

Kesi ilifunguliwa na mwanawe mwenyewe, Egidius, mfanyakazi wa reli kule Mlimba. Alikuja Krismasi, akala, akajifuta masharubu, akasema, "Mama, ndege wamekula mpunga wako mwaka juzi, wakala na mwaka jana. Mwaka huu wakila tena, shamba tunampa mtu alime, wewe utakaa mjini kwa Leodegar. Upumzike."

Upumzike! Febronia alikuwa amewaona walioambiwa wapumzike. Walipumzika kweli, wengine mpaka leo hawajaamka. Alimtazama mwanawe yale masharubu, kisha akaenda kunoa jembe.

Alilima, akapanda, akapalilia, na mpunga ukaja kama umetumwa. Shida ilikuja masuke yalipoanza kutia maziwa. Kwelea walitokea upande wa mto asubuhi moja kama moshi wa mbuga inayoungua, moshi ukageuka hewani, ukatua. Febronia alipanda juu ya dungu lake, akatia donge la udongo kwenye kombeo, akazungusha. Bega likalia kwanza, donge likaenda kuangukia kuku wake. Akapiga kelele. Kelele nayo ilitoka nyembamba, ikaishia pale pale kwenye ngazi. Sauti aliyobaki nayo ilikuwa ya kusemea watu tu.

Alikaa dunguni akiwatazama ndege wanavyoinamisha masuke yake. Halafu akashuka, akafunga kanga kiunoni, akaenda mjini kwa miguu.

Alimkuta Leodegar amelala kwenye benchi ndani ya banda tupu.

"Mume wangu, umekaa na nani humu?"

"Na viti, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Vinatoa kiingilio?"

"Nani atoe? Watu wote wako shamba. Hata mbwa wamehama."

"Basi amka. Beba mashine yako twende."

Leodegar alikaa. "Twende wapi?"

"Kwa watazamaji. Wengine wana miguu, wengine wana mabawa. Wenye miguu watakupa kiingilio, wenye mabawa watatoroka. Zile bunduki zako zisizojazwa risasi leo nimezitafutia kazi."

"Bibi, tivii hii nikiiangusha topeni, biashara yangu imekwisha."

"Na mimi ndege wakimaliza mpunga ule, nahamia kwako. Mjomba wako ameshasema. Nitakaa pale pale mlangoni, kiangazi na masika, maisha yangu yote yaliyobaki. Na sisi kwetu tunaishi sana."

Leodegar alimtazama usoni aone kama ni utani. Ulikuwa utani, lakini ulikuwa na mifupa ndani. Akaanza kuchomoa nyaya.

Mashine ilisafiri kwa mkokoteni wa Nyamizi, jirani wa shamba, mwanamke wa Kisukuma aliyekuja bondeni pamoja na ng'ombe wa mumewe na moyo wa kucheka. Tivii ilifungwa ndani ya godoro, deki ikapakatwa na Leodegar kama mtoto mchanga, jenereta ikakaa nyuma na kunuka. Mikanda ilikuwa ndani ya sanduku la bati. Njiani Febronia alifungua sanduku lile, akapekua, akatoa Mama wa Kisimani na kumfutika kwenye kanga.

"Bibi, huo vipi?"

"Huyu haoneshwi kwa ndege."

Shambani akaufunga ule mkanda kwenye kitambaa safi, akauweka ndani ya mtungi wa mbegu, akafunika.

Tivii iliwekwa ndani ya kibanda cha nyasi, turubai likatandwa mbele kukinga jua, na spika zikafungwa juu ya dungu pande mbili za bibi, kama masikio. Leodegar akavuta kamba ya jenereta, akaweka mkanda wa komando. Bunduki ya kwanza ilipolia, ndege wote wa bonde waliinuka kwa pamoja. Mwanga ulipungua kidogo. Wakaenda, wakavuka mto, hawakuonekana tena siku ile.

"Wabeja, mayu! Asante, mama!" Nyamizi alipiga vigelegele, maana shamba lake linapakana na la Febronia na ndege walikuwa wamehama kote kuwili. "Huyu komando ni mwanaume!"

"Ndege ndio wajinga," alisema Febronia. "Ngoja wahesabu risasi."

Jirani wa pili naye akaja, Lukelo, mstaafu wa kiwanda cha sukari, mtu mpana mwenye sauti ya king'ora, pamoja na mkewe Merina. Komando alikuwa mtu wake. Lukelo alikuwa ameiona filamu ile mara nyingi kiasi kwamba alikuwa anamwambia komando la kufanya kabla hajafanya.

Siku ya pili ndege walirudi, wakaruka walipoisikia bunduki, lakini hawakuvuka mto. Siku ya tatu waliruka mpaka kwenye mipaka tu. Siku iliyofuata komando alikuwa amechoma kijiji kizima na kwelea wametulia kwenye masuke wanakula, wengine wamekaa juu ya spika.

"Si nilisema," alisema Febronia. "Wamehesabu."

Leodegar akaleta Wachina. Ndege wakawaogopa asubuhi, mchana wakawazoea. Akaleta ya mazimwi. Merina ndiye aliyekimbia. Febronia alikaa dunguni na masuke yake yakipungua mbele ya macho, akawa hacheki tena. Masharubu ya Egidius yalimjia kila alipofumba jicho.

Ikafika zamu ya yule mamba wa Amerika. Katikati ya filamu spika zikakata sauti, panya alikuwa ametafuna waya. Picha inakwenda, sauti hakuna. Leodegar akapanda kutafuta waya, na Febronia, akiwa juu, akaona shamba zima limejaa ndege. Pale chini ndani ya kibanda, kwenye tivii iliyo bubu, mwanamke mmoja wa Kizungu akaingia mtoni kuoga, na mamba akatokea nyuma yake.

"Nyuma yako!" alinguruma Lukelo.

"Nyuma yako, mama!" alipiga kelele Nyamizi. "Geuka! Jamani huyu, geuka!" Na Merina akapiga yowe la msibani.

Ndege wakainuka. Wote. Wakaenda mpaka mtoni, na hapakuwa na spika iliyolia.

Febronia alikaa akitafakari, mdomo umemwendea pembeni. Kelele ya mashine ndege wanaizoea, kwa sababu kila siku ni ile ile. Kelele ya mtu hawaizoei. Ila mtu naye ana kasoro yake: akimpigia kelele ndege, hata chungu hakijachemka koo limekauka. Akimpigia kelele mwenzake, anaweza kuendelea mpaka kesho.

"Leodegar, mume wangu," aliita. "Acha huo waya."

"Bibi, hawasikii kitu!"

"Watasikia. Mimi nitasema."

Na hapo ndipo ilipoanza kazi yake ya kweli. Aliondoka dunguni, akaweka kigoda karibu na tivii, ubavu mmoja kwenye picha na ubavu mwingine kwenye mpunga. Ndege wakielea kuja, yeye alifungua mdomo.

"Lukelo," alisema siku ya kwanza, kwa upole, "huyu komando wako ana mke?"

"Ana nchi, Bibi. Analinda nchi."

"Nauliza mke. Maana shati hana tangu filamu inaanza. Mtu mwenye mke angeshonewa."

"Shati ya nini kwenye vita!"

"Kiwandani ulikuwa unaingia kifua wazi?"

"Kiwandani na vitani ni sawa?"

"Hata yeye hayuko vitani. Yuko peke yake porini, anapigana na watu wanaojitupa wenyewe. Tazama huyo! Bado hajapigwa, ameshaanguka. Huyo amelipwa!"

"Hajalipwa!" Lukelo alisimama. Turubai lilitikisika. "Amepigwa! Merina, si amepigwa? Rudisha nyuma, Leodegar! Rudisha nyuma aone huyu bibi! Amepigwa risasi ya shingo!"

Ndege wakageuka hewani, wakaenda zao.

Wachina nao wakapata chao. Febronia alisema yule mzee wa ndevu nyeupe anayewafundisha wenzake kupigana angekuwa mzee wa maana angewafundisha kulima, kwani filamu nzima wanapigana kwenye shamba la mtu na mwenye shamba hajatokea kudai. Nyamizi, ambaye alimpenda yule mzee kama baba yake, alibisha mpaka akasahau ng'ombe, na ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wa Lukelo. Hapo kelele ikawa ya kutosha bonde zima na tivii ilikuwa imezimwa. Wapenzi wa Kizungu wakagawa watu makundi mawili, Merina upande wa binti na Lukelo upande wa bwana. Mtu na mkewe walikwenda kulala bila kusemeshana, wakaamka na kuanza pale pale walipoachia. Habari zikasambaa. Watu wa mashamba ya mbali wakaanza kuja, kuona filamu kidogo na kubishana sana, na tivii ikawa inahamishwa kutoka dungu hadi dungu ili kelele iwafikie wote. Leodegar alikuwa hana hata muda wa kulala kwenye benchi.

"Bibi," alimwambia jioni moja wakila ugali kwa kambale, "hivi zile filamu unazichukia kweli, au unafukuza ndege?"

"Kula, mume wangu. Mwiba huo."

Mpunga ukaanza kuwa wa dhahabu. Zilibaki siku chache za kuvumilia, mundu umeshanolewa, ndipo mvua ya mwisho ilipokuja kwa hasira na kulala ndani ya sanduku la bati. Leodegar alipolifungua mikanda yote ilikuwa imeota ukungu mweupe. Akajaribu komando, deki ikamtafuna. Akajaribu Wachina, wakatoka matumbo nje. Watu walikuwa wameshakaa chini ya turubai, na upande wa mto ule moshi ulikuwa umeanza kuinuka, mzito kuliko siku zote, maana ndege nao wanajua mavuno yamekaribia.

"Imekwisha, Bibi," alisema Leodegar. "Hakuna mkanda."

Febronia aliinuka kigodani. Aliutazama moshi, akautazama mpunga wake. Kisha akaingia kibandani kwake, akafunua mtungi wa mbegu. Alikaa mle ndani kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kufunua mtungi. Alipotoka alikuwa na kile kitambaa safi mkononi.

"Futa kichwa cha hiyo deki kwanza," alisema. "Ukimtafuna huyu, sisi tumeachana."

Mama wa Kisimani akaanza. Mafuriko yakamchukua mtoto, na watu wakanyamaza. Mama akaenda kisimani, wakanyamaza zaidi. Hata Lukelo, ambaye alikuwa ametangazia bonde zima kwamba filamu za Kihindi ni za wanawake, alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili. Kulikuwa kimya kizuri, kile ambacho Febronia alikuwa amekitaka siku zote kule mjini, bila hata mtu wa kukohoa. Na katika kimya kile aliwasikia ndege wakitua. Wana mlio wao wakitua wengi, kama mchanga unaomwagwa kwenye majani makavu.

Kwenye tivii nywele za mama zilikuwa zimeota mvi. Askari kijana alikuwa anakuja njiani, ana kiu.

Febronia alijua kabisa kinachokuja. Alishika kigoda chake kwa pande mbili. Aliona viganja vikifunguka, akaona mtungi ukiinama. Nje masuke yake yalikuwa yanavunjika.

Akasimama mbele ya tivii.

"Mjinga huyu!" alisema.

Hakuna aliyeelewa. Walidhani anamsema ndege.

"Huyu mama! Mjinga! Miaka yote hiyo amesimama kisimani anangoja nini? Mtoto alipotelea kisimani, kwani chura? Treni inapita pale nyuma ya mlima, tumeiona, imepita mara ngapi! Kwa nini hakupanda? Kwa nini hakwenda kumtafuta mwanawe? Mguu anao! Mdomo wa kuulizia anao! Amekaa anatutoa machozi sisi, na kichwani amepaka mafuta!"

Ilichukua pumzi moja. Halafu kibanda kililipuka.

"Mayu!" Nyamizi alisimama machozi yakimtiririka. "Mayu, huna haya! Huyu ni mama!"

"Ondoka mbele ya picha!" alinguruma Lukelo, na sauti ilikuwa imepasuka kwa kilio, nayo kwa kupasuka iliongezeka ukubwa. "Wewe bibi huna uchungu? Hujazaa wewe?"

"Nimezaa! Ndiyo maana nasema! Angekwenda!"

"Angekwenda wapi, hajui aliko!"

"Angeuliza!"

"Na mtoto angerudi asimkute!" alilia Merina. "Akirudi kisimani asimkute mama yake, je?"

"Angemwachia jirani ujumbe! Jirani kazi yake nini?"

Mtu alirusha gunzi, likampata Febronia begani. Naye akarusha neno. Walimpigia kelele wote, wale wa mashamba ya mbali pia, Leodegar naye akiwa miongoni mwao bila kujijua, na nje moshi uliinuka kutoka kwenye mpunga wake, ukazunguka mara moja, ukakimbilia mtoni. Filamu ikaisha hakuna aliyeuona mwisho wake. Wakairudisha, wakaanza tena kubishana. Wakairudisha siku iliyofuata. Watu walikuwa wanakuja kumtetea yule mama kama wanakwenda mahakamani, na Febronia alimshitaki kila siku, asubuhi na jioni, bila huruma, mpaka mundu ulipoingia shambani.

Mpunga ulijaza kihenge, ukajaza na magunia. Nyamizi, ambaye alikuwa amemnunia siku zote zile, alikuja na mkokoteni wake bila kuitwa.

"Mayu, niambie ukweli mmoja tu," alisema wakipakia. "Yale maneno juu ya yule mama yalikuwa ya ndege, au ya moyoni?"

"Yalikuwa ya ndege," alisema Febronia.

Akapanda mkokotenini, akakaa juu ya magunia, na njiani yale maneno yakawa yanamrudia. Shida ya neno ni kwamba ukilirudia sana linaanza kukugeukia. Egidius alipoondoka kwenda reli alikuwa kijana asiye na ndevu. Miaka ilipita kabla hajarudi, akaja na masharubu, akasimama mlangoni akaomba maji kama mgeni. Na miaka ile yote treni ya Mlimba ilikuwa inapita Ifakara, inapiga honi, Febronia anaisikia akiwa jikoni. Hata siku moja hakuwahi kuipanda. Alingoja. Aliona kungoja ndiyo kazi ya mama, na filamu ilipomwambia hivyo akaipenda.

"Simamisha ng'ombe," alisema walipofika Ifakara.

"Nyumbani bado, mayu."

"Siendi nyumbani. Gunia hili moja nishushie stesheni."

Leodegar alimkuta huko, amekaa juu ya gunia lake kwenye kivuli, kanga mpya begani.

"Bibi, unakwenda wapi? Mjomba atakuja mwenyewe Krismasi, utamwonyesha mpunga."

"Nitamngoja mpaka Krismasi kwani mimi wa kisimani?"

"Hata hujui nyumba yake!"

"Mdomo wa kuulizia ninao. Nenda kafungue banda lako, mume wangu. Na kile kigoda asikalie mtu."

Treni ilimfikisha Mlimba jua limeanza kulegea. Aliuliza kwa wauza ndizi, akauliza kwa mafundi baiskeli, akaulizia masharubu ilipobidi. Mtu wa toroli akamsaidia kusukuma gunia mpaka kwenye nyumba za reli, mlango wa bluu. Akabisha hodi.

Egidius alifungua akiwa na fulana, nusu ya uso ina sabuni ya kunyolea. Alimtazama mama yake, akalitazama gunia, akamtazama tena mama yake.

"Mama? Kuna msiba?"

"Hakuna. Niletee maji ya kunywa."

Alikimbia ndani, akarudi na kikombe kimejaa mpaka kinamwagika kwenye vidole vyake. Febronia alikunywa taratibu, mpaka tone la mwisho, akimtazama juu ya ukingo wa kikombe. Halafu akakaa juu ya gunia la mpunga wake, pale pale mlangoni, akamrudishia mwanawe kikombe.

"Haya," alisema. "Sasa tuzungumze habari za shamba langu."